Consolée Asibebe

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, nakiri mapema ili tusisumbuane. Watu wa Mulongwe wangependa niseme kwamba mjinga nimekuwa siku zote, lakini hao ni majirani, na jirani hana kipimo. Mimi nazungumzia siku moja tu, Jumamosi, saa nne asubuhi, mbele ya robine, bomba la maji la mtaa, yenye foleni ya watu thelathini.

Kazi yangu ni kutengeneza resori, vile vyuma vilivyopangwa ulimi juu ya ulimi chini ya lori, kamyo kama tunavyoita, vinavyobeba mzigo wote na hakuna anayevisalimia. Kiwanja changu kiko kando ya barabara, karibu na robine, kwa hiyo kila anayechota maji lazima apite mbele ya mdomo wangu. Na mdomo huo haujui Jumapili. Nilipokuwa konvoyeri, utingo wa mizigo, nilianguka toka juu ya kamyo mara mbili. Mto umenibebea nyumba mara moja. Nilichojifunza ni kwamba ukiwahi kucheka, wenzako hawapati nafasi ya kukucheka. Basi nilikuwa nawahi.

Asubuhi ile mke wangu Consolée alikuwa anatoka robine. Bidoni ya lita ishirini kichwani, Basile wa miezi kumi mgongoni, Olga wa miaka mitatu kaning'inia kwenye kikwembe, kitenge cha mama yake, kama kengele ya ng'ombe. Akatembea kidogo, akasimama, akabana miguu. Akatembea tena, miguu imeachana. Mimi nikapaza sauti:

“Jamani, nani amepoteza bata? Mumuangalie Mama Olga! Kama anaenda kutaga, mumupishe njia!”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee Mahamudi, mlinzi wa robine, alicheka mpaka bidoni ya mtu ikajaa na kumwagika miguuni pake. Consolée hakucheka. Alishusha bidoni polepole, akainyoosha isimame vizuri, akanitazama.

“Baba Olga, kuja uibebe. Minye nimefika mwisho.”

Akaenda zake na watoto, mikono mitupu. Sasa, huyo ni mwanamke ambaye mwaka wa mafuriko alivusha godoro letu kichwani huku maji yakimfika kifuani. Kumwona anaacha bidoni ya maji safi katikati ya njia, ni kama kumwona padri anaacha misa katikati. Kicheko kikakatika chenyewe. Nikabeba bidoni, na hakuna aliyenitania, na hilo lilinitisha zaidi.

Nilimkuta kitandani, miguu kaiegemeza ukutani.

“Una nini?”

“Kizazi kimeshuka.”

“Kimeshuka kimeenda wapi?”

Ndiyo, niliuliza hivyo. Mwanaume anaweza kujua kamyo nzima kwa sauti ya ekseli, halafu asijue lolote kuhusu mtu anayelala naye kitanda kimoja. Consolée alicheka huku machozi yanamtoka, akafuta pua, akaniambia. Tangu Basile azaliwe. Asubuhi anaamka mzima. Ikifika alasiri, baada ya maji na sokoni na kubeba watoto, anasikia uzito chini, kama mtu aliyekalia yai. Akikohoa, mkojo unamponyoka. Akichuchumaa kuosha sahani, anasikia kitu kimefika mlangoni. Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, Mama Sumaya, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

“Miezi kumi! Kwa nini haukuniambia minye?”

“Nikuambie weye? Ungeitangaza ku robine.”

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Andikeni tarehe.

Ungefikiri hapo nilipata akili. Bado. Kesho yake, Jumapili, shangazi yangu Félicité alishuka toka Nyakabere na unga wa mihogo, nami nikamnong'oneza habari, maana huyo amezaa tisa na ameshika watoto wa kijiji kizima wakizaliwa. Shangazi akapiga paja.

“Minye nilijua! Nyinyi watu wa mjini hamufungi tumbo. Mwanamuke akizaa anafungwa na kikwembe, nguvu, siku kwa siku, kila kitu kirudi mu fasi yake. Huyu alifungwa na nani?”

Hakuna. Nikaona mantiki yake safi kabisa: kitu kinashuka, kifunge. Na kufunga ndiyo kazi niliyokulia. Kamyo ngapi zimepanda Bukavu na mzigo niliofunga mimi, hata kreti moja haikudondoka? Kikwembe nikakiona laini mno. Nikaenda kiwanjani nikaleta ule mpira, mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki uliokatwa ukanda mrefu, tunaofungia mizigo. Tukamfunga Consolée toka mbavuni mpaka nyongani. Nilitia mguu kwenye ubao wa kitanda ili nivute vizuri. Shangazi alikagua fundo akasema, “Huyu ni mutoto wa kaka yangu kweli.” Consolée alikuwa anapumua kama ndagala juu ya mchanga.

Jumatatu saa sita hakuweza hata kukaa. Kilichokuwa mlangoni sasa kilikuwa barazani. Mama Sumaya aliingia kuomba chumvi, akamwona, akainua blauzi, akaona mpira.

“Baba Olga! Uko namusafirisha juu ya pikipiki?”

Akachukua kisu cha samaki akakata mpira wangu, ukaruka ukanipiga sikioni. “Vaa kamambili,” akamwambia Consolée. “Tunaenda kwa Madamu Olive. Na huyu mufungaji mizigo anakuja naye.”

Madamu Olive ni kine katika kituo kimoja cha afya. Hatoi dawa, kazi yake ni kufundisha mwili uliovunjika au kuchoka namna ya kujibeba tena. Mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya mtu wa kupiga makasia. Alimpima Consolée nyuma ya pazia, wakaongea muda mrefu, kisha akaniita.

“Nani alimufunga?”

Nikatafuta shangazi kwa macho. Alikuwa amebaki nyumbani na watoto. “Ni minye, Madamu.”

Hakunigombeza. Alichukua kifuko cha plastiki cha maji ya kunywa, vile vinavyouzwa barabarani, akaniwekea mkononi. “Kamua katikati. Na nguvu zako zote, kama ulivyomufunga.”

Nikakamua. Kifuko kikapasuka upande wa chini, maji yote yakaniingia kwenye suruali, mahali pabaya kuliko pote.

“Maji imeenda wapi?”

“Chini, Madamu.”

“Basi umefahamu.”

Nje ya mlango Mama Sumaya alikuwa anajifuta machozi. Madamu Olive akaeleza taratibu. Chini ya tumbo la mwanamke kuna misuli kama machela, inashika kibofu, kizazi na vyote. Uzazi unaivuta, mizigo inaichosha. Ikilegea, vya juu vinateremka. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia.

“Vizuri. Kamyo ikiletwa, resori imechoka, kitu cha kwanza unafanya ni nini?”

“Tunashusha muzigo.”

“Haukazi kamba?”

“Hapana, Madamu, ukikaza kamba juu ya resori iliyochoka unai...” Nikaishia hapo. Suruali ilikuwa inadondosha maji sakafuni, tone, tone.

Alisema kizazi kimefika daraja la pili. Hakihitaji kisu leo. Akampa miezi mitatu. Mara tatu kwa siku abane misuli ile ya chini, kama mtu anayezuia mkojo na upepo pamoja, avute juu, ahesabu mpaka tano bila kushika pumzi, aachie, mara kumi. Kabla ya kuinuka au kuinua chochote, apulize kama anazima mshumaa na abane kwanza. Adhuhuri alale robo saa, mto chini ya matako. Ale papai na mboga, anywe maji mengi, ili chooni asisukume. Basile ambebe kwa kukaa kwanza, amkumbatie, ndipo ainuke. Olga asibebwe kabisa. Akitaka mapaja ya mama, apande mwenyewe.

“Ikiwa baada ya miezi mitatu hakikupanda, tutajaribu pete, mupira fulani unawekwa ndani unashikilia. Ikishindikana, ndio Bukavu, operasyo.”

Neno Bukavu lilimshika Consolée. “Bukavu ni wiki ngapi, Madamu? Basile bado ananyonya. Nitawaachia nani hawa?”

“Ndiyo maana tunaanza leo. Haya. Nyumbani maji nani anachota?”

Mama Sumaya akaingiza kichwa mlangoni. Wanawake watatu wakanigeukia.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilitoka na bidoni mbili. Olga alikataa kutembea. Tangu azaliwe robine kwake ni kikwembe cha mama, cha kubebwa au cha kushika, hajui njia nyingine. Alilia mpaka Mama Sumaya akatoka nje, akachukua kikwembe cha Consolée chenye maua ya rangi ya machungwa, akanifunga mtoto mgongoni, fundo kifuani. Ndivyo nilivyotokea robineni, mimi Thaddée, mdomo wa Mulongwe, nimebeba mtoto mgongoni kama mama.

Watu walikuwa wanaidai siku hiyo miaka yote. Wakanitazama kwanza, toka fundo mpaka maua. Halafu Mzee Mahamudi, mzee wa msikiti, mtu wa heshima zake, akakohoa:

“Jamani, nani amepoteza bata?”

Robine ilitikisika. Mwanamke mmoja akapaza sauti, “Mama Thaddée, pita mbele! Wenye kunyonyesha hawapangi foleni!”

Nikapita mbele. Heshima sikatai. Nikajaza bidoni zangu zote mbili nikaondoka huku wao bado wanacheka. Toka siku ile nilipita mbele kila asubuhi, na waliponigomea niliwaonyesha Olga mgongoni. Fomu zangu ziko kamili, niliwaambia.

Consolée aliogopa atasahau kubana. Kwa watoto wawili mama anasahau hata kula. Mama Sumaya akampa dawa: “Sisi tuna adhana. Adhuhuri, alasiri, magharibi. Mahamudi akiita, sisi tunasali, weye bana.” Na ndivyo ilivyokuwa. Mke wangu, Mkatoliki wa ubatizo na kipaimara, alianza kungojea muadhini kuliko Waislamu wengine. Msikiti ukichelewa, alikuwa anatoka mlangoni kutazama. Mahamudi aliposikia kwamba sauti yake inapandisha kitu, hakuuliza kitu gani, lakini alianza kuivuta adhana kidogo, kwa hisani.

Olga alikuwa mwenye kuhesabu. Nilimtengenezea ngazi ya mbao ya vidato vitatu ili apande mapajani mwa mama yake bila kuinuliwa. Alikaa juu pale kama hakimu, akamtazama Consolée usoni, maana alijifunza kuujua ule uso: macho yanatulia, nyusi zinapanda kidogo. Hapo anaanza, “Moja! Mbili! Tatu! Ine! Kumi!” Tano haikuwahi kuwepo. Consolée alijifunza kungojea ile kumi.

Hatukufikiria misa. Jumapili ya wiki ya tano, kanisa limejaa, padri kainua mikono, kimya kile ambacho hata mbuzi wa nje wanakiheshimu. Consolée akaona nafasi nzuri, akatulia. Olga akamwona. Akapanda juu ya benchi.

“Mama iko nabana! Moja! Mbili! Tatu! Ine! Kumi!”

Padri alibaki na mikono hewani. Mimi nilitazama dari, nikagundua kanisa letu lina mabati yenye kutu upande wa kushoto. Benchi zima la wanawake lilikuwa linatetemeka kama mashini ya mpunga. Consolée alificha uso nyuma ya Basile, na mabega yake nayo yalikuwa yanaruka.

Baada ya misa nilitegemea aibu. Badala yake wakaja wanawake watatu mmoja mmoja, wakijifanya wanasalimia mtoto. “Mama Olga, samahani. Uko nabana nini?” Akawaeleza nyuma ya ukuta wa kanisa. Jumapili iliyofuata walikuwa saba, mmoja wao na nywele nyeupe. Wanaume tulingojea nje tukiwa na njaa. Nikawaambia wenzangu wazoee.

Mwezi wa pili Shangazi Félicité alirudi, safari hii bila unga, na sura ya kesi.

“Mpaka Luberizi wananiuliza, iko kweli mutoto wa kaka yako anavaa kikwembe? Nikadanganya. Mudomo huu ukadanganya! Consolée, ulimulisha nini?”

“Sombe, Shangazi,” Consolée akajibu. “Karibu, ingali moto.”

“Minye nilizaa tisa! Siku ya tano niko mu shamba, mihogo mugongoni, kamba ku kipaji cha uso. Na sikulala miguu juu kama kuku wa kuchinjwa!”

Akasema anabaki wiki mbili kunyoosha nyumba. Siku za kwanza alininyang'anya bidoni mlangoni, akaenda mwenyewe robineni. Alirudi polepole, akikaa njiani mara mbili. Consolée alikuwa dirishani anamtazama. Jioni ile alitandika mkeka wa pili tu kando ya wa kwake.

Siku ya sita nilirudi mapema kuchukua nyundo. Nyumba kimya. Adhana ya alasiri inapanda. Nikasukuma mlango: wanawake wawili chali juu ya mikeka, miguu juu ya benchi, mito chini ya matako, Basile anatambaa toka tumbo moja kwenda jingine, na Olga kasimama katikati kama kondakta wa kwaya. “Ine! Kumi!”

“Funga mulango,” Shangazi akasema bila kugeuka. “Upepo unaingia.”

Nikaufunga, nikiwa upande wa nje.

Shangazi aliniambia kabla usiku haujaingia, tukiwa tunamenya mihogo, macho yake kwenye kisu. Chake kilishuka toka mtoto wa sita. Miaka ishirini na miwili. Alikuwa anakirudisha kwa mkono asubuhi na kwenda shambani. “Mama yangu alikuwa nacho vilevile. Nilizania ndio mushahara ya kuzaa.” Nilitafuta utani mfukoni, nikatafuta na mfuko wa pili. Sikupata. Nikamchukulia muhogo mkononi nikammenyea.

Cha Shangazi kilikuwa kimeshuka mno kwa mazoezi peke yake. Madamu Olive alimwekea pete, akamwonyesha namna ya kuitunza na siku za kurudi. Alitoka nyuma ya pazia anatembea kama msichana anayejua anatazamwa.

“Miaka arobaini ya ndoa,” akatangaza kwa ukumbi mzima wa wagonjwa, “bwana hakunivalisha pete hata ya shaba. Leo nimevalishwa na mwanamuke!”

Halafu ikafika siku yetu. Nilikaa kwenye benchi la nje, Olga mgongoni, Basile mapajani. Miezi mitatu nilikuwa nimecheka na kila mtu, lakini kila usiku nilimsikia Consolée anageuka kitandani, na nilijua anahesabu nini: Bukavu wiki ngapi, Basile na maziwa, Olga na kilio chake. Nyuma ya pazia waliongea chini. Kisha Madamu Olive akatoa kichwa.

“Kimepanda. Daraja la kwanza, na misuli inashika. Aendelee kubana, na vizito bado asibebe.”

Consolée alitoka anacheza. Si sana, mabega tu na kiuno kidogo, na alipuliza kwanza kama alivyofundishwa, lakini alicheza toka mlangoni mpaka geti, na wanawake waliongoja na watoto wa chanjo wakampigia vigelegele bila kujua sababu. Kigelegele hakiulizi.

Tulikaanga ndagala, tukasonga bugali kubwa. Mama Sumaya akaja na samosa, Shangazi alikuwa amerudi toka Nyakabere kwa ajili ya jambo hilo tu. Tulikula mpaka Basile akalala na samaki mkononi. Na mimi, nimeshiba, nimefurahi, nikaanza kuongea. Angekuwepo mtu wa kunikanyaga mguu, hadithi ingekuwa fupi.

“Namushukuru Mungu,” nikasema, “na namushukuru Madamu Olive. Sasa, resori ikipona, kamyo inarudi barabarani. Kesho bidoni zinarudi kwa mwenyewe.”

“Haukusikia?” Mama Sumaya akaruka. “Vizito bado!”

“Basi bidoni ndogo! Ya lita tano! Atazunguka mara nyingi, ni mazoezi.”

“Mwanaume huyu,” Shangazi akasema, “ningemufunga mudomo na ule mupira wake.” Lakini mazoea ni mazoea, akaongeza, “Ingawa Basile anakaribia kutembea. Nyumba ya watoto wawili ni kama choo bila mulango. Hamuongezi?”

“Umeona!” nikamrukia, nimepata wakili. “Mutoto wa tatu anakuja, kazi inaongezeka, minye peke yangu nitawezaje? Kazi za nyumba zigawanywe. Maji kwa mumoja, kingine kwa mwingine. Hakuna kamyo inapakia upande mumoja. Nasema uongo? Consolée, sema. Tugawane ama tusigawane?”

Consolée alikuwa analamba mafuta ya samaki vidoleni, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Alimaliza cha mwisho, akafuta mkono.

“Tugawane, Baba Olga. Kesho maji nachota minye. Mimba inayokuja utabeba weye.”